Waliofunika kwa Maua

4 Juni

Mjukuu wangu Kengele,

Salamu zitafuata nikibakiwa na pumzi. Kwanza nikuambie lililonikaa kooni: nimemwambia mtu nyumba anayoishi Zumari.

Usiruke. Soma mpaka chini. Sheria yetu naijua, na wewe ndiye uliyeniandikia siku niliyojiunga na kikundi: sisi mashabiki wa Zumari tunapenda sauti yake, mlango wake hatuugusi. Kingine chochote tunafukua. Akiweka picha mtandaoni, tunatafuta ilipigwa wapi, saa ngapi, nani alishika kamera. Mchezo huo wa kufukua ndio ulioniinua kitandani baada ya kufiwa na mke wangu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpima ardhi, na ndiyo maana mkaniita Dira. Nyinyi watoto mnahangaika na rangi ya pazia. Mimi natazama kivuli.

Ile picha aliyoiweka kabla ya kunyamaza, ya kikombe dirishani, wote mliiona mkasema, jamani kikombe! Mimi niliona kivuli cha nondo kwenye ukingo wa dirisha, kona ya tangi la maji, na kipande cha kilima chenye mnara. Alikuwa ameandika kwamba ni asubuhi ya siku hiyohiyo. Hayo yalinitosha. Kilima kile nilikipanda nikiwa kijana, darubini ya upimaji begani. Nikachukua karatasi na rula, na kabla mkamwana wangu hajaniletea chakula cha mchana nilikuwa na mtaa, jengo na ghorofa.

Nilipaswa kuichana ile karatasi. Lakini mimi ni mtu wa chumba cha nyuma katika nyumba ya mwanangu, mpira wa oksijeni puani. Ningemwonyesha nani? Mwanangu angesema, "Baba, pumzika." Mke wake angesema, "Baba, umekunywa dawa?" Mwenzetu Mtiifu wa kikundini aliniuliza faraghani kwa adabu, akaniambia kikundi kizima hakina kichwa kama changu. Nikavimba kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa. Nikamwambia yote.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Tangu hapo haulizi tena habari za nyimbo. Anauliza mlango mkubwa wa jengo hufungwa na nani.

Wewe una namba ya meneja wa Zumari. Mpigie. Daktari wangu siku hizi haniambii habari za mwezi ujao, na sitaki kuondoka na jambo hili kifuani.

Ni mimi,
Babu Dira

5 Juni

Babu yangu, shikamoo!

Kwanza nicheke, maana mtandao mzima ni wewe peke yako unayeandika tarehe juu na jina chini. Simu inajua tarehe, Babu! Lakini ona, mpaka mimi nimeanza kukuiga.

Sasa tulia. Vuta hiyo oksijeni. Unamwogopa Mtiifu? Mtiifu huyuhuyu? Zamu yake ya kuupigia kura wimbo hajawahi kuikosa. Wale wenye chuki walipotengeneza picha chafu ya Zumari, nilipopiga kengele watu waje kufunika, ua la kwanza lilikuwa la nani? La Mtiifu. Ulikuwepo, uliona: maua na mistari ya nyimbo vikamwagwa mpaka ule uchafu ukazama, na aliyeuweka akafungiwa akaunti. Mtu wa namna hiyo ndiye umwogope? Niogope mimi. Tamasha likitangazwa nikakosa tiketi, nitang'ata mtu.

Na huyo meneja ameshanichoka. Juzi juzi watoto walimjazia ujumbe kwamba Zumari ametekwa, kisa? Amevaa koti moja siku mbili mfululizo. Akanipigia: "Dada, ukiniletea tena ndoto za mashabiki wako, nakufungia." Leo nimwambie nini? Kwamba kuna babu mgonjwa amepima kivuli?

Mimi nauza dawa, Babu, nawajua wazee wa dukani kwangu. Hivyo vidonge vya moyo huleta mawazo. Kunywa kitu cha moto, sikiliza wimbo ule wa pili unaoupenda. Mambo yatatulia.

Mjukuu wako mtukutu,
Kengele

8 Juni

Babu, shikamoo.

Natumaini kifua kimekupa nafuu. Nakuombea kila siku.

Nimefika. Jengo ni lile, tangi ni lile, kilima kipo palepale ulipokiweka. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikakuonea fahari. Umekaa kitandani kwako ukaniongoza kama mtu aliyenishika mkono. Chumba nimepata, kinatazamana na lango lao.

Watu wanasema amenyamaza. Hajanyamaza. Katika wimbo wake wa mwisho anaposema njoo kabla mvua haijakatika, maneno yale aliniambia mimi. Nilikuwa nimemwandikia kuhusu mvua. Hakunijibu kwa maandishi, akanijibu kwa wimbo, basi nimekuja. Lakini jana alipita karibu yangu na mama yake, bega likanigusa, akasema "samahani" kama anavyomwambia mtu yeyote wa njiani. Wewe ni mtu mzima, Babu, niambie. Inawezekana mtu akuite mbele ya nchi nzima, halafu ukifika akuambie samahani?

Nafikiri kuna watu wanaomzuia. Akipata mahali patulivu, sisi wawili tu, bila simu, atakumbuka. Nimeshaanza kupatengeneza.

Nina swali dogo. Jua la asubuhi huingia chumba gani? Nataka kujua analala upande upi.

Mtoto wako,
Mtiifu

8 Juni

Kengele,

Barua ya Mtiifu nimekunakilia hapo juu neno kwa neno. Isome, kisha uniambie ni vidonge vya moyo.

Sikumjibu. Nimekaa na simu mapajani. Mkamwana aliniuliza, "Baba, mbona umebadilika rangi?" Nikamwambia ni hewa.

Umesema meneja hakusikii. Mimi namba yake sina. Basi kesho nitaandika uwanjani, mahali ambapo kikundi kizima kinasoma na watu wa Zumari pia hupita kuchungulia. Nyumba sitaitaja. Nitasema tu kwamba Zumari yumo hatarini, ahame leo, na kwamba mwenye hatari tunaye humu ndani. Kama nitakuwa nimemwonea Mtiifu, nitamwomba radhi mbele ya watu wote. Radhi naweza kuomba. Lile jingine halina dawa.

Babu Dira

10 Juni

Babu,

Nakuandikia kwenye simu ya mkamwana wako kwa sababu akaunti yako haipo tena. Sijui nianzie wapi.

Si mimi niliyepiga kengele. Nilikuwa dukani, foleni imefika mlangoni, simu nimeiweka kwenye droo. Watoto wa zamu ndio walioona maneno yako. "Zumari yumo hatarini." Babu, wenye chuki huanza hivyohivyo! Kila mara! "Zumari amekufa", "Zumari anaumwa", "Zumari yumo hatarini bofya hapa". Watoto hawakusoma mstari wa pili. Mmoja alisema, "Akaunti ya Babu imeibiwa, mfunikeni!" Wakapiga kengele, watu wakaja kutoka kila pembe. Maua, Babu. Maua mpaka skrini ikawa nyekundu. Kila mmoja alidhani anamlinda. Wakakuripoti kwa pamoja, na mtandao ukakufungia.

Nilipofungua droo kila kitu kilikuwa kimeshazama. Nikarudi juu kabisa kuangalia nani aliweka ua la kwanza.

Unajua ni nani.

Nikaanza kuuliza faraghani, mmoja mmoja: wewe umewahi kumwona Mtiifu kwa macho? Umewahi kusikia sauti yake? Kila mtu anasema mwulize fulani, na huyo fulani anasema mwulize mwingine. Tumeishi naye miaka yote hii na hakuna anayemjua hata kwa sura.

Meneja nimempigia. Alisikia sauti yangu akakata. Nimepiga tena, sasa hailii kabisa.

Nisamehe. Nilikuchekea.

Kengele

11 Juni

Binti yangu unayeitwa Zumari,

Hunijui. Mimi ni mzee, mpima ardhi mstaafu, na ni mmoja wa wanaokupenda bila kukuona. Karatasi hii ikifika mlangoni kwako, kufika kwake ndiko ushahidi wangu. Anwani hukunipa wewe wala mtu yeyote. Niliipata kwenye picha yako ya kikombe, kwa kivuli cha nondo, tangi na kilima.

Kwa majivuno yangu nilimwonyesha kijana mmoja njia ileile. Sasa amepanga chumba kinachotazamana na lango lenu. Majuzi uligongana naye begani ukamwomba samahani. Anaamini wimbo wako wa mvua ulikuwa wa kumwita yeye, na kwamba kuna mahali anapaswa kukupeleka. Sura yake siijui. Lugha yake ni ya adabu sana. Usiisikilize.

Ondokeni, wewe na mama yako, bila kumuaga jirani. Tokeni kwa nyuma. Dirishani msichungulie kwanza.

Nimeweka anwani yangu nyuma ya bahasha ili ujue kwamba sijifichi. Ukitaka kunishtaki nishtaki, lakini ondoka kwanza.

Mzee aliyekukosea

16 Juni

Babu, shikamoo.

Samahani kwa kupitisha karatasi chini ya geti. Mtandaoni hupatikani. Niliona walivyokufunika, nikakuonea huruma. Nami niliweka ua, ili usijisikie mpweke.

Ulikosea kidogo. Siyo ghorofa ya tatu, ni ya nne. Nadhani hukuhesabu ile ya maduka. Si neno, umri ni umri.

Umenifundisha vizuri. Unaikumbuka ile picha uliyotuwekea watoto tulipokuomba tuone unapokaa? Mtungi wa oksijeni, glasi ya maji, dirisha, na paa la bati la jirani lililobanduka upande mmoja. Nilifanya kama ulivyonielekeza, nikaanza na kivuli. Ilinichukua siku nzima, wewe ungemaliza kabla ya mchana. Geti lenu ni zuri. Mkamwana wako hutoka na mtoto asubuhi, mtoto ana mkoba wa njano, hapendi kushikwa mkono.

Sikusemi vibaya kwa mtu, Babu. Na wewe usinisemee vibaya kwa mtu.

Mtoto wako,
Mtiifu

17 Juni

Babu yangu,

Nimepata dawa! Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Kama tunaweza kufunika maneno, tunaweza kufunika nyumba.

Jumamosi hii watu wote wa Zumari wanaokaa karibu watasimama mbele ya jengo lake, kila mmoja na ua lake mkononi. Mtaa mzima ujae. Nani atamgusa mbele ya umati ule? Watu wa habari watakuja, meneja atalazimika kunisikiliza, polisi watalazimika kuja. Najua navunja sheria yetu ya mlango, lakini tunaivunja ili kuulinda mlango huohuo. Mtaa nimeutambua kwa maelezo yako na ya Mtiifu, lile tangi na ule mnara, nikamwuliza mteja wangu anayeendesha teksi.

Kengele nimeshaipiga. Kuanzia asubuhi majibu yanaingia kama mvua, sanduku langu la barua limefurika, siwezi hata kuyafungua yote. Babu, ungeona wanavyolia kwa kutaka kumlinda!

Usiogope tena. Sasa hatupo wawili.

Kengele

17 Juni

Kengele! Zima! Waambie wasije!

Nani katika hao anaijua sura ya Mtiifu? Wewe? Mimi? Yeye naye ataleta ua. Siku zote hizi alikuwa anasimama ng'ambo ya barabara kwa sababu mgeni mmoja langoni huulizwa anatafuta nani. Umati wa wageni hakuna anayeuuliza. Unamfungulia lango, mwanangu, unamfungulia kwa mikono yako mwenyewe.

Polisi tumekwenda. Jana nilimwambia mwanangu kila kitu, nikamwonyesha karatasi ambayo Mtiifu ameipitisha chini ya geti letu. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alimpeleka mtoto kwa bibi yake mwingine, akarudi, akaniingiza garini na mtungi wangu. Askari wa mapokezi akauliza, "Mzee, huyo binti ni nani wako?" Nikasema si wangu. "Na kijana amefanya nini?" Amepanga chumba. "Kupanga chumba si kosa. Haya, anwani alipewa na nani?" Nikamwambia, na mimi. Akaweka kalamu mezani, akamtazama mwanangu, akasema, "Mrudishe mzee akapumzike."

Kama barua niliyomtumia Zumari kumwonya haijafika, Jumamosi atakuwemo ndani.

Nijibu. Andika neno moja tu, kwamba umesoma.

Babu Dira

17 Juni, jioni

Kengele, nijibu.

18 Juni

Kengele.

21 Juni

Babu,

Barua zako nimezifungua leo. Zilikuwa chini ya nyingine zote. Nimekaa sakafuni nyuma ya kaunta, duka nimelifunga.

Nitakueleza nilivyoona, usinikatize hata kwa moyo.

Tulijaa mtaa mzima. Tuliimba. Mlinzi wa jengo alikuwa anahangaika, watu wanataka kupanda juu, anasema haiwezekani. Ndipo kijana mmoja akajitokeza, shati limenyooshwa, ananukia sabuni, akasema kwa upole, "Jamani, tusimtie hofu. Apande mmoja tu, apeleke maua ya wote." Tukampigia makofi. Nikamkabidhi mimi, Babu. Mikono miwili, shada juu ya shada, mpaka uso wake haukuonekana. Nikamwambia, "Mwambie tunampenda." Akanijibu, "Anajua." Mlinzi akamfungulia.

Alikaa huko muda. Tuliendelea kuimba. Aliposhuka hakuwa na maua, ana mkoba wake tu begani. Akasema, "Amewashukuru sana. Amesema mwende nyumbani." Watu walilia kwa furaha. Alipita katikati yetu, wengine wakimshika mabega, akaenda zake.

Jioni polisi wakanifuata dukani. Mlango wa ghorofa ya nne ulikuwa umevunjwa. Ndani hapakuwa na mtu. Walikuwa wameondoka tangu Alhamisi, Babu! Barua yako ilifika! Mlinzi hakujua, walitoka kwa nyuma. Maua yetu aliyapanga kitandani, yote, kwa mstari. Kisha polisi wakaenda kwenye kile chumba cha ng'ambo. Naye hayupo. Kulikuwa na nguo za kike, mpya, za vipimo vya Zumari, na makufuli mapya, na madirisha yamepigiliwa mbao.

Meneja sasa ananipigia yeye. Analia.

Nilimshika mkono, Babu. Ulikuwa wa joto kama wa mtu yeyote.

Kengele

24 Juni

Mzee wangu, shikamoo.

Meneja amekubali dereva wake akuletee hii mkononi.

Barua yako aliifungua mama. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kushusha mabegi. Nilimwuliza kuna nini, akasema, "Vaa viatu." Njiani ndipo aliponipa niisome. Yule kijana wa samahani nilimkumbuka. Nilidhani jirani mpya. Siku mbili kabla yake alikuwa amemsaidia mama kubeba kapu.

Sitakuambia tuko wapi, na humu hakuna picha, usinitafute! Nataka tu ujue kwamba ninalala. Vumbi la kiwanda cha saruji linakaa juu ya kila kitu, mama anafuta meza asubuhi, jioni anafuta tena, na treni ya mizigo ikivuka daraja vikombe vinagongana kabatini. Lakini jioni jua linatua ndani ya maji mbele yetu kabisa, na jana nimeimba nikiosha vyombo. Nilikuwa sijaimba tangu nilipoanza kuhisi kwamba kuna macho.

Umesema umenikosea. Kweli. Lakini ni wewe pia uliyeniambia.

Zumari

29 Juni

Mjukuu wangu Kengele,

Niko hospitali. Naandika kidogokidogo, mkamwana atapiga picha karatasi hii akutumie. Uliniomba msamaha mara tatu na mimi sikukujibu. Tulikosea sote kwa kupenda kujiona tuna akili. Hilo tuliache, kuna kubwa zaidi.

Zumari aliniandikia barua ya shukrani. Alijihadhari sana, maskini. Alitaja vumbi la kiwanda, alitaja daraja, akataja jua linatua upande gani. Kabla sijafika kwenye jina lake mwishoni nilikuwa nimeshaujua mji, na upande wa mji, na safu ya nyumba. Sikutafuta, naapa. Kichwa changu kilifanya chenyewe, kama mguu unavyoshuka ngazi za nyumba uliyozaliwa. Barua nimeichana. Nilichokijua sijui pa kukichania.

Hapa wananipa dawa ya maumivu, kali. Inanipeleka mbali, na nikiwa huko nazungumza. Mkamwana anasema juzi nilitaja treni. Aliniuliza, "Baba, unasafiri wapi?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Jana muuguzi aliniambia, "Mzee una wajukuu wazuri. Kijana amekuja umelala, ameketi hapa muda mrefu, amekushika mkono. Ana adabu huyo! Amesema usiamshwe." Ameniachia maua kwenye chupa.

Kengele, sijui nilisema nini. Nimemwuliza muuguzi, kijana alikuwa anaongea nami? Akasema, "Alikuwa anakusikiliza tu."

Mwanangu amewaita polisi, safari hii wamekuja mbio, askari amekaa mlangoni. Lakini neno likishatoka askari atalirudisha vipi? Nimekataa ile dawa tangu jana. Daktari amenigombeza, mwanangu ananibembeleza huku analia. Sasa maumivu ni yangu yote, na ulimi pia ni wangu. Sijui nitaweza siku ngapi. Mkono huu unaoandika naushikilia kwa mwingine.

Mwambie meneja leo hii, Zumari ahame tena. Asingoje kuuliza kwa nini. Na aendako, mtu asiniambie. Wewe pia ukatae kuambiwa. Asiniandikie, hata neno la asante, hata hali ya hewa. Nataka pawepo mahali pamoja duniani nisipopajua.

Babu Dira

1 Julai

Babu,

Wamehama. Meneja alitaka kunieleza, nikamwambia nyamaza, nikaziba masikio kama mtoto. Sijui mji, sijui upande. Kikundi tumekifunga. Picha zote za kufukua tumezifuta.

Huko walikotoka jirani ameona kijana akiulizia nyumba, wao wakiwa wameshaondoka siku moja nyuma. Polisi wa huko walikuwa wanamsubiri. Meneja anasema wamemshika. Mimi nimesema nitaamini nikimwona, na sitaki kumwona.

Alikuwa na maua.

Kengele

3 Julai

Mdogo wangu Kengele,

Mimi ni mkamwana wa mzee uliyekuwa unamwita Babu. Hatujaonana ila barua zenu nyingi zimepita kwenye simu yangu, na nyingine, nisamehe, nimezisoma.

Ujumbe wako nilimsomea juzi alasiri. Alikuwa ameng'ata shuka, jasho linamtiririka, mume wangu ameshindwa kukaa chumbani. Nilipofika pale pa kuhama alifumbua macho. Akaniuliza, "Wamekwenda wapi?" Nikasema, "Sijui, Baba." Akasema, "Kweli hujui?" Sijui. "Na huyo binti hajui?" Nikamsomea tena ulipoandika kwamba uliziba masikio.

Akatazama dari, anafikiri. Nilidhani anapima tena, nikaogopa. Kisha akasema, "Vumbi gani, maji gani, hakuandika?" Nikamwambia, Baba, hakuna kitu. Hakuna hata picha.

Akaachia shuka. Akasema, "Basi mwite daktari. Ile dawa naitaka sasa."

Alizungumza sana usiku ule, majina ya vilima na mito, tukamwacha aseme. Amefariki leo asubuhi.

Mkamwana